Kamusi isiyojua kusema "sijui": MRI inavyotambua tishu kwa kulinganisha ishara

Picha ya kawaida ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, haina namba ndani yake. Ina weusi, weupe na rangi za kijivu za katikati, basi. Daktari anaposema "hapa pameng'aa", anachosema hasa ni kwamba pameng'aa kuliko jirani yake. Mgonjwa huyohuyo akipimwa Dar es Salaam leo na Nairobi mwezi ujao, huwezi kuchukua weupe wa picha ya kwanza ukautoa kwenye weupe wa pili ili kujua kama uvimbe umebadilika. Weupe huo unategemea koili (antena ya kupokea ishara) iliyotumika, kiasi ambacho mashine imekuza ishara, na mipangilio aliyoichagua fundi siku hiyo.

Namba zenyewe zipo, ila zimefichika. Protoni za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili huyumba ndani ya sumaku mfano wa pia ya kuchezea inayozunguka. Kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) huyumba takriban mara milioni 63.9 kwa sekunde. Pigo la redio lenye kasi hiyohiyo huziinamisha, na likikoma mambo mawili hutokea kwa pamoja. Protoni hurejea taratibu kwenye mstari wa sumaku, na muda wa kurejea huko huitwa T1. Wakati huohuo hupoteza mdundo wa pamoja, mfano wa wacheza ngoma ambao kila mmoja anaanza kukanyaga kwa wakati wake. Muda wa kupotea kwa mdundo huo ni T2. Katika ubongo, kwenye tesla 1.5, T1 ya dutu nyeupe (yenye nyuzi za neva) ni kama milisekunde 600 hadi 700, ya dutu ya kijivu (yenye seli za neva) 1000 hadi 1200, na ya maji yanayouzunguka ubongo hupita 4000. Namba hizi ni mali ya tishu kwa nguvu ile ya sumaku. Mashine mbili za tesla 1.5 zikipima sawasawa, zinapaswa kukubaliana.

Kwa nini basi hospitali hazipimi T1 na T2 kila siku? Piga hesabu. Njia ya zamani ya kupima T1 hugeuza protoni kichwa chini kwa pigo la digrii 180, ikasubiri kidogo, ikasoma mstari mmoja wa data, kisha ikasubiri protoni zirejee kabisa kabla ya pigo linalofuata. Kusubiri huko ni kama sekunde 10. Picha ya mistari 128, ikirudiwa kwa nyakati 7 tofauti za kusubiri, inachukua sekunde 8960, yaani karibu saa mbili na nusu. Hapo umepata kipande kimoja tu, na T2 bado hujaigusa.

Mwaka 2013 kikundi cha Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, Marekani, wakiwemo Dan Ma na Mark Griswold, kilichapisha kwenye jarida la Nature njia ya kuukwepa msubirio huo. Waliiita kwa mfano wa alama za vidole. Badala ya kurudia pigo lilelile mpaka ishara itulie, walilibadilisha kila mara. Mapigo yalikuwa 1000, pembe ya kuinamisha ikipanda na kushuka kati ya digrii 0 na 60, na muda kati ya pigo na pigo ukiyumbayumba kati ya milisekunde 10.5 na 14. Ishara haipati nafasi ya kutulia hata kidogo. Kila tishu huitikia fujo hiyo kwa namna yake, kufuatana na T1 na T2 zake, na mwitikio huo wa nukta 1000 ndio alama ya kidole. Kipande kimoja kilichukua sekunde 12.3.

Haraka hiyo ina bei yake. Baada ya kila pigo walisoma data kwa njia moja tu, iliyojizungusha kama gamba la konokono, kati ya njia 48 zinazohitajika kukamilisha picha. Ukiitazama mojawapo ya picha hizo 1000 peke yake, utaona madoa na mistari, hakuna cha kusoma. Lakini makosa ya picha moja hayafanani na ya inayofuata, kwa sababu njia ya konokono huzungushwa kila mara. Kwa hiyo yanaonekana kama kelele juu ya mwendo halisi wa ishara, na mwendo huo unaweza kulinganishwa.

Unalinganishwa na nini? Na kamusi. Kabla ya mgonjwa kulala mezani, kompyuta hutumia milinganyo ya Felix Bloch ya mwaka 1946 kukokotoa ishara ambayo ingetoka kwa kila jozi ya T1 na T2 inayowezekana. Kamusi ya kazi ile ya 2013 ilikuwa na maingizo 563,784, kwa kuwa iliongeza pia tofauti ndogo za uga wa sumaku. Ukihifadhi nukta 1000 kwa kila ingizo, baiti 8 kwa nukta, hiyo ni karibu gigabaiti 4.5.

Tuone ulinganishaji wenyewe kwa kamusi ndogo kabisa, yenye maingizo matatu na nukta nne. Chukua pigo la digrii 180, kisha usome ishara baada ya milisekunde 100, 500, 1000 na 2000. Hesabu inatoa hivi:

T1 ya 700: −0.734, 0.021, 0.521, 0.885
T1 ya 1100: −0.826, −0.269, 0.194, 0.675
T1 ya 4000: −0.951, −0.765, −0.558, −0.213

Mashine nayo, katika vokseli moja, yaani kijisanduku kimoja cha picha, imesoma −170, 12, 118, 220. Namba hizi ni kubwa kwa sababu zimekuzwa, kwa hiyo kwanza kila safu igawanywe kwa urefu wake: zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Urefu wa safu iliyopimwa ni 302.3, na baada ya kugawanya inakuwa −0.562, 0.040, 0.390, 0.728. Fanya hivyohivyo kwa kila ingizo la kamusi. Halafu zidisha namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, na kuendelea, kisha jumlisha. Alama za ufanano zinatoka 0.999 kwa T1 ya 700, 0.914 kwa 1100, na 0.097 kwa 4000. Jibu ni 700, yaani dutu nyeupe. Kiasi ambacho ingizo hilo linapaswa kukuzwa ili lifikie kipimo halisi, hapa kama 239, kinakuwa kipimo cha wingi wa protoni. Namba ya tatu, mbali na T1 na T2, imepatikana bila kupima tena.

Usiitupe alama ya kutoa. Wanaoanza hupenda kuchukua ukubwa wa ishara pekee, kwa kuwa ndicho ambacho mashine nyingi hutoa zikiachwa zifuate mazoea yake. Kwenye mfano huu, ukiondoa alama za kutoa pande zote mbili, ingizo la 4000 linapanda kutoka 0.097 hadi 0.69. Maji na dutu nyeupe, vitu vilivyokuwa mbalimbali kabisa, vinaanza kukaribiana. Hifadhi data ikiwa na awamu yake, yaani taarifa inayobeba alama ya kutoa, na mwambie fundi wa mashine mapema, maana ikishafutwa hairudi.

Sasa tufike penye mtego mkubwa, ambao hauna uhusiano na kelele wala fundi. Chukua vokseli iliyo mpakani, nusu dutu nyeupe na nusu maji. Ishara yake ni wastani wa safu ya kwanza na ya tatu: −0.843, −0.372, −0.019, 0.336. Ilinganishe. Ingizo la 700 linapata 0.73, la 4000 linapata 0.77, na la 1100 linapata 0.93. Kamusi imetangaza dutu ya kijivu mahali ambapo hakuna hata chembe yake.

Mtu atasema kamusi ni ndogo, iongezwe. Haya, tuongeze ingizo la T1 ya 1600. Linapata 0.995. Alama imepanda hadi kukaribia kabisa ile 0.999 ya jibu sahihi la mwanzo, na jibu bado si la kweli: hakuna tishu ya 1600 pale, wala haijawahi kuwepo. Kamusi nene zaidi imeongeza kujiamini tu. Ulinganishaji huchagua anayefanana zaidi miongoni mwa waliomo. Hauna namna ya kusema "huyu simjui".

Ndiyo maana namba zilizo kwenye kingo za ubongo, kuzunguka mifereji ya maji na kandokando ya uvimbe zinastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko za katikati ya tishu. Dawa ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa vokseli. Ya pili ni kutengeneza kamusi yenye michanganyiko iliyokokotolewa makusudi, lakini hapo unahitaji kujua mapema ni tishu zipi zinazochanganyika. Kwenye dutu nyeupe na maji hilo linajulikana. Kwenye uvimbe wenye usaha, damu na seli hai pamoja, sivyo.

Pembe ya kuinamisha nayo huleta balaa, hasa kwenye tesla 3. Unaagiza digrii 60, mwili unapokea 48 upande mmoja na 66 upande mwingine, kwa sababu mawimbi ya redio hayasambai sawa ndani ya mwili. Kamusi haijui, kwa hiyo hutafuta T1 na T2 zitakazoeleza ishara ile kwa digrii 60, na mara nyingi anayesingiziwa ni T2. Ukiona ramani ya T2 inapanda taratibu kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, wala haifuati mipaka ya tishu, ituhumu pembe kwanza. Ama upime ramani ya mawimbi ya redio kwa skani fupi ya pembeni, ama uongeze pembe kama kipimo kingine cha kamusi. Kuanzia asilimia 60 hadi 140 kwa hatua za asilimia 5 ni hatua 17. Zidisha ile gigabaiti 4.5 kwa 17, upate karibu 77. Binafsi ningechagua skani ya pembeni.

Kingo za kipande huwa na kasoro ya aina hiyohiyo. Kipande si mkate uliokatwa kwa kisu. Kingo zake hupokea pembe ndogo kuliko katikati, na kamusi ikikokotolewa kana kwamba kipande kizima kimepata pembe moja, T2 itapinda. Tena kuna protoni zilizoshikamana na mailini (ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva) ambazo hazionekani lakini hubadilishana nguvu ya usumaku na maji ya jirani, ndiyo sababu mojawapo ya dutu nyeupe kutoa namba tofauti kidogo na za njia ya zamani hata kila kitu kikiwa sawa. Mgonjwa akijitikisa mwishoni mwa skani madhara huwa madogo, maana nukta nyingi zimeshasomwa. Akijitikisa mwanzoni, mara tu baada ya pigo la digrii 180 linalofungulia skani, rudia.

Jambo dogo la kukagua kila mara ni mkusanyiko ukingoni. Kama kamusi yako inaishia T2 ya 500 na vokseli zote za maji zimepata 500 kamili, hujapima maji. Umepima ukuta wa kamusi.

Kabla ya mgonjwa yeyote, pima fantomu, yaani kitu cha majaribio kinachokaa badala ya mwili. Mirija ya plastiki ya mililita 50 inatosha kuanzia: maji yenye kloridi ya nikeli kwa viwango tofauti ili kufupisha T1, na agari (unga wa mwani unaogandisha maji) ili kufupisha T2. Chemsha agari mpaka iwe angavu, mimina polepole, na gonga mrija ili viputo vitoke, kwa kuwa hewa huharibu uga wa sumaku pande zote. Ilaze mirija kwenye chumba cha mashine usiku kucha ifikie joto la hapo, na andika joto hilo. T1 ya maji hubadilika kwa asilimia kadhaa digrii chache zikiongezeka. Kisha pima T1 kwa njia ya zamani, kwa nyakati za kusubiri za 50, 100, 200, 400, 800, 1600 na 3200, na mapigo yaachane kwa angalau mara tano ya T1 ndefu kuliko zote. Ndiyo, ni zile saa mbili na nusu. Fantomu hailalamiki. Chora namba za kamusi dhidi ya namba hizo. Nukta zote zikikaa juu ya mstari au chini yake kwa uwiano uleule, tafuta kosa la pembe au la muda. Zikiachana kwenye T2 ndefu peke yake, mpangilio wa mapigo ni mfupi mno kuiona tofauti.

Kamusi iliyopangwa kwa nguvu moja ya sumaku haihami ovyo hadi nyingine. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kwa kushirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, kiliunganisha hukohuko Mbarara mashine ya MRI yenye sumaku za kudumu, nguvu yake ikiwa karibu tesla 0.05, kwa ajili hasa ya watoto wenye vichwa vikubwa vya maji. Kwenye uga mdogo hivyo protoni huyumba kama mara milioni 2 tu kwa sekunde, na T1 ya dutu nyeupe na ya kijivu hushuka hadi karibu milisekunde 300 zote mbili, ilhali maji hubaki maelfu. Kuwatenganisha maji na ubongo hapo ni rahisi. Kutenganisha dutu nyeupe na ya kijivu kwa T1 ni kazi ngumu, na kamusi ya tesla 1.5 ambayo hatua zake ni milisekunde 100 ingewaweka wote kwenye ingizo moja, kwa alama nzuri kabisa.