Nani akuandikie barua ya mapendekezo? Dhana zinazowaponza vijana wetu

Kila mwaka kuna vijana wa kidato cha sita wa Moshi na Arusha wanaoomba vyuo vya Marekani na Uingereza, na wapo wenye vichwa vizuri kabisa wanaopeleka barua dhaifu. Si kwamba walimu hawawapendi. Wamemwomba mtu asiyefaa, na mara nyingi ni wazazi na ndugu waliowaelekeza huko.

Dhana: Barua ya mheshimiwa ina uzito kuliko ya mwalimu

Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Mzazi anampigia simu diwani, mchungaji wa usharika, au mjomba mwenye cheo Dar. Barua inakuja na nembo na muhuri, na ndani imeandikwa "kijana mwenye nidhamu, anatoka familia nzuri". Basi.

Ukweli ni kwamba chuo kinatafuta ushahidi wa mtu aliyemwona mwanafunzi akijifunza. Fomu ya mwalimu kwenye Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani, inauliza umemfahamu mwanafunzi kwa muda gani, ulimfundisha somo gani, na ukimlinganisha na wenzake yuko wapi. Diwani atajaza nini hapo? MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, wanataka barua za walimu wawili: mmoja wa hesabu au sayansi, mwingine wa lugha, sanaa au sayansi ya jamii. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) awaze hilo mapema, maana walimu wa upande wa pili wanaomjua vizuri huwa wachache. Kwa Uingereza, UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya huko, hawakubali kabisa barua iliyoandikwa na ndugu au rafiki, hivyo mjomba wa Dar apumzike.

Dhana: Mwombe mwalimu wa somo ulilopata A

A inaonekana tayari kwenye matokeo. Barua inatakiwa iseme kile ambacho cheti hakiwezi kusema.

Chukua mwalimu wa kemia aliyekuona kwenye praktiko. Majibu yako ya titresheni yalipishana na ya wenzako. Hukunakili ya jirani, ulibaki maabara mpaka ukagundua kuna kiputo cha hewa chini ya koki ya bureti, ukaanza upya. Mwalimu akiyaandika hayo kwa mistari minne, msomaji wa ng'ambo anakuona. Hata kama mwisho wa muhula ulipata C, huyo ndiye wa kumwomba.

Dhana: Andika mwenyewe, mwalimu atasaini tu

Nawaelewa walimu: darasa limejaa, madaftari ya kusahihisha hayaishi. Lakini barua iliyoandikwa na mwombaji ni udanganyifu, na chuo kikigundua kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kukupokea. Unachoruhusiwa ni kumrahisishia kazi. Mpe karatasi moja yenye vyuo unavyoomba, tarehe za mwisho, kozi unayotaka, na mambo mawili matatu mliyoyafanya pamoja ambayo huenda ameyasahau. Na muombe kwa namna inayomwachia nafasi ya kukataa: "Shikamoo Mwalimu. Naomba kujua kama unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri, na kama utapata muda." Akisitasita, mshukuru umwendee mwingine.

Dhana: Lazima niisome kabla haijaenda

Sheria ya Marekani ya mwaka 1974, FERPA, inampa mwanafunzi aliyejiunga na chuo haki ya kuona kumbukumbu zake. Common App itakuuliza kama unaiachilia haki hiyo kwa barua hizi. Iachilie. Barua ya siri inaaminika zaidi, na mwalimu huipakia mwenyewe kupitia kiungo anachotumiwa kwenye barua pepe yake.

Dhana: Mkuu wa shule ndiye wa kwanza kuombwa

Mkuu ana nafasi yake tayari. Shule isiyo na mshauri wa masomo, ripoti ya shule (fomu inayoieleza shule na mwanafunzi) inaweza kujazwa na yeye au mwalimu wa taaluma. Usiitumie nafasi ya mwalimu wa somo kwa mtu ambaye hakukufundisha.

Dhana: Nitamtafuta mwalimu matokeo yakitoka

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, kisha wengi wanakwenda JKT, matokeo yanatoka Julai. Wakati huo mwalimu anaweza kuwa amehamishiwa Singida na namba aliyokupa haipatikani. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya mapema tarehe 1 Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Muombe ukiwa bado shuleni, mwezi wa tatu hivi, kabla ya pilikapilika za mtihani, na uondoke na barua pepe yake anayoifungua kweli, pamoja na namba ya WhatsApp.