Ndoa ya jinsia moja ukihama nchi: dhana potofu na ukweli

Anayeondoka Mtwara au Lindi kwenda ughaibuni, na mgeni anayekuja huku kwa kazi za gesi, wote husikia mengi vijiweni kuhusu ndoa hizi. Baadhi ya maneno hayo ni ya hatari.

Dhana: Ndoa ya Afrika Kusini ni halali Afrika nzima.
Afrika Kusini iliiruhusu mwaka 2006, lakini kila nchi huipima ndoa ya nje kwa sheria yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Cheti cha Cape Town hakimpi mwenza hadhi ya mume au mke hapa, iwe hospitalini au kwenye mirathi. Wosia na hati ya uwakilishi viandikwe kabla ya safari, vimtaje mtu kwa jina lake kamili. Vikiandikwa "mwenzi wangu wa ndoa" tu, ndipo mgogoro unapoanzia.

Dhana: Isipotambuliwa, hasara ni karatasi tu.
Hapa ndipo tunaomba watu wasome mara mbili. Kutotambuliwa ni jambo moja, jinai ni jingine kabisa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo lenyewe, yaani ngono ya "kinyume cha maumbile", kwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji iliondoa jinai hiyo mwaka 2015, ila ndoa haijaruhusu. Anayevukia Kilambo anaiacha jinai nyuma, lakini ndoa haikuti mbele.

Dhana: Mtanzania hawezi kuombewa viza ya mwenza Marekani kwa kuwa kwao ndoa hiyo haipo.
Uhamiaji wa Marekani huangalia sheria ya mahali ndoa ilipofungwa, si ya kwenu. Wasiooana bado wana njia ya viza ya mchumba, K-1: mwombaji awe raia wa Marekani, ajaze fomu I-129F, na wawili hao wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya maombi. Mchumba akishaingia, wana siku 90 za kufunga ndoa. Wanaokwama mara nyingi ni wale wenye meseji na simu za video peke yake. Tunzeni tiketi na mihuri ya pasipoti.

Dhana: Ulaya yote ni sawa.
La. Italia, kwa mfano, tangu 2016 ina muungano wa kiraia, si ndoa.

Dhana: Mkiachana huku, ndoa imekwisha.
Mahakama ya hapa haiwezi kuivunja ndoa isiyoitambua, na kule ilikofungwa bado inahesabika. Kuoa tena ukiwa nayo kunaweza kuwa kosa. Tangu 2013 Kanada inawaruhusu wasioishi huko kudai talaka katika jimbo walikofungia ndoa, mradi nchi wanazoishi haziitambui na wametengana mwaka mzima. Uingereza nayo ina mlango wa namna hiyo kwa ndoa zilizofungwa England na Wales. Hakikisheni kabla ya kuhama kama nchi mliyofungia ndoa inao.