Kwa nini malaria humwangusha mwenyeji aliyerudi kutoka ughaibuni?

Kisa hiki karibu kila ukoo unacho. Mtu amekaa Ulaya au Marekani miaka kumi, karudi Desemba kuwaona wazazi, kapokewa uwanja wa ndege na nusu ya mtaa. Wiki ya pili ya likizo yuko hospitali, katundikiwa dripu, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Binamu yake waliyelala chumba kimoja, tena upande usio na neti, ndiye anayemletea uji asubuhi. Mbu ni wale wale. Ndugu husema maji ya kule yamemlainisha, wengine wanamtania kwamba siku hizi ni Mzungu. Maji hayahusiki, ila huo utani wa Uzungu haupo mbali na ukweli.

Tuanze na binamu. Naye ameumwa na mbu hao hao, na huenda hata anapokoroga uji vimelea vya malaria vimo ndani ya damu yake. Mtu mzima aliyekulia Kigoma au Mtwara anaweza kuishi na vimelea wiki nyingi bila homa yoyote. Kinga yake haivizuii kuingia. Kazi yake ni kuvibana visizaane kupita kiasi, na kuuzoesha mwili usipandishe homa kali kwa vimelea vichache. Miaka ya 1899 na 1900 daktari Mjerumani Robert Koch alipima damu za wenyeji wa New Guinea akaona jambo hilo: watoto wadogo walikuwa na vimelea tele, watu wazima wa vijiji hivyo hivyo vichache mno. Mwaka 1961 Sydney Cohen na Ian McGregor wakapiga hatua zaidi huko Gambia. Walichukua kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, kutoka damu ya watu wazima wakawachoma watoto wagonjwa wa malaria, na vimelea vikashuka sana ndani ya siku chache. Watu wazima wale hawakuzaliwa na kingamwili hizo. Walizipata kwa kuugua tena na tena utotoni, na wenzao wengi hawakuvuka umri huo.

Mbona inachukua miaka? Surua ukiugua mara moja basi. Lakini kimelea hatari zaidi cha malaria, Plasmodium falciparum, kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu huipachika juu yake protini inayoifanya inate kwenye kuta za mishipa midogo. Zikinata kwa wingi kwenye mishipa ya ubongo, ndipo tunaposema malaria imepanda kichwani. Kingamwili huitambua protini hiyo, ila kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za kuitengenezea maumbo tofauti, na hubadilisha umbo kama mwizi anayebadili shati kila akivuka mtaa. Tena vimelea vya kijiji jirani vina mashati yao mengine. Mwili unajifunza moja baada ya jingine, msimu baada ya msimu.

Sasa mtu huyo apande ndege aende Stockholm au Toronto. Haumwi tena na mbu mwenye malaria, kwa hiyo mwili hauna cha kuukumbusha. Kingamwili ni protini tu, na aina iliyo nyingi zaidi katika damu hupungua kwa nusu kila wiki tatu hivi isipotengenezwa nyingine. Zinazobaki ni chembe za kumbukumbu, ambazo zikimwona adui wa zamani huanza kazi upya, lakini huhitaji siku kadhaa kuamka. Vimelea havisubiri. Vikitoka kwenye ini, ambako hukaa kama wiki moja kimya bila dalili, huanza kupasua chembe za damu kila baada ya saa 48, na kila chembe inayopasuka humwaga vimelea vipya kati ya 16 na 32. Mbio hizo mwenyeji wetu anazianza akiwa nyuma, na mwili uliokwisha kuzoea kutulia unawaka homa ya nyuzi 40.

Hata hivyo hajarudi sifuri. Nyanda za juu za Madagaska zilikaa karibu miaka 30 bila malaria kubwa, kisha ugonjwa ukalipuka tena miaka ya 1980. Wazee waliowahi kuugua zamani, kabla haujadhibitiwa, walistahimili kuliko vijana. Uingereza nako, takwimu za miaka 20 hadi 2006 zilionyesha kuwa watalii waliorudi na falciparum walikufa takriban 3 kati ya kila 100, wakati waliokuwa wamekwenda kutembelea ndugu walikufa kama 3 kati ya kila 1,000. Kwa hiyo kinachowahi kupotea ni kinga ya kutougua, ile ya kutokufa inakawia. Naona hapa ndipo watu wanapojidanganya: mtu anakumbuka alivyozoea malaria tangu utoto, anaona dawa za kinga ni za watalii. Ndio maana wengi wa wanaougua malaria Uingereza ni watu wenye asili ya Afrika waliotoka kusalimia nyumbani.

Kipo kitu kisichofutika kwa safari: ulichorithi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa watu wenye jeni moja ya selimundu wamekingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Hata ukae Norway miaka 50, jeni hiyo unarudi nayo.

Watoto waliozaliwa huko ng'ambo ndio wa kuangaliwa zaidi. Wana jina la babu na sura ya bibi, ila kwa malaria ni wageni kabisa. Mjamzito naye yumo hatarini, kwa kuwa vimelea hunata kwenye kondo la nyuma. Wala si lazima mtu avuke bahari: aliyekulia Nairobi akaenda Kisumu, au Mzanzibari anayekwenda Bara baada ya Zanzibar kuipunguza sana malaria, yumo katika mkumbo huo huo.

Anayerudi moja kwa moja hawezi kumeza dawa za kinga maisha yake yote. Neti kila usiku, na homa ikianza, kipimo siku hiyo hiyo, si kusubiri kesho. Aliyeondoka miaka ya 1990 pia asiulizie klorokwini. Tanzania iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea, na tangu mwishoni mwa 2006 wagonjwa wa kawaida hupewa dawa mseto.

Anayekuja kusalimia tu na kuondoka aonane na daktari kabla ya safari, amchagulie dawa ya kinga. Ajue pia kwamba kupanda ndege si mwisho wa hatari, maana kimelea kilichoingia usiku wa kuaga bado kimo safarini kuelekea kwenye damu. Akipata homa miezi miwili baadaye, amwambie daktari wa ughaibuni kwamba alikwenda nyumbani, la sivyo atatibiwa mafua. Na dawa aimalize: doksisaiklini haitegemewi kuua vimelea vilivyo kwenye ini, kwa hiyo humezwa wiki nne zaidi ili vikitoka viikute kwenye damu. Ile ya atovakwoni na proguanili huvifuata humo humo kwenye ini, na siku saba baada ya kuondoka zinatosha.