Maradhi ya mlipuko yakifika mtaani: maswali ya familia za Tanga na majibu yake

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata shule zikafungwa, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi tarehe 29 Juni. Baadaye tukasikia Marburg, homa kali jamaa ya Ebola, kule Kagera mwaka 2023, kisha mpox, ugonjwa wa vipele, mwaka 2025. Tanga ni mji wa bandari, mpaka wa Horohoro uko jirani, na mabasi huingia na kutoka kila siku. Maradhi yanayovuka nchi hayana sababu ya kuturuka sisi.

Maswali yafuatayo ndiyo yanayosumbua familia nyingi wakati kama huo. Msaada upo, ila umetawanyika, na wengi huchelewa kuupata kwa kutojua wabishe hodi wapi, au kwa kuogopa kusemwa na majirani. Hilo la pili linaniuma zaidi, kwa sababu mgonjwa anayefichwa hufikishwa hospitali akiwa amezidiwa.

Swali: Tumepanga Ngamiani, nyumba ya vyumba sita, ukumbi mmoja katikati, uani kuna choo kimoja na bafu moja. Tukiambiwa tumtenge mgonjwa, tumtenge wapi?

Jibu: Mabango husema mpe mgonjwa chumba chake na choo chake. Katika nyumba zetu hilo mara nyingi haliwezekani, lakini lipo la kufanya.

Anzeni na hewa, maana maradhi kama UVIKO-19 hupita humo. Mgonjwa alale chumba chenye dirisha la nje, na dirisha likae wazi mchana na usiku. Mpandishie pazia, chandarua kibaki palepale. Sehemu mbaya kuliko zote ni ule ukumbi wa katikati: kila mpangaji anapita, watoto wanacheza humo, bibi anachambua mchele humo, na hewa imelala. Mlango wa mbele na wa uani vikae wazi ili upepo upenye. Mchana, akiwa na nguvu, mtandikieni mkeka uani kivulini, pembeni na watu wengine. Nje ni salama kuliko ndani.

Kama hakuna budi kulala naye chumba kimoja, pishaneni: kichwa chake kiwe upande huu, cha mwenzake kiwe kule, na pawepo nafasi kadiri chumba kinavyoruhusu. Mgonjwa avae barakoa mtu anapoingia, na anayemhudumia avae pia. Barakoa ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni kila siku na ianikwe juani.

Ahudumiwe na mtu mmoja tu, mzima wa afya. Asiwe bibi, asiwe mjamzito, asiwe mwenye kisukari. Najua kwetu kila mtu anataka kuingia kumpa pole mgonjwa, na ni uungwana. Kwa siku hizo pole itolewe dirishani, au kwa simu.

Choo hamwezi kukigawa, basi gawaneni zamu na usafi. Mgonjwa akitoka, aliyemhudumia amwage maji ya sabuni, afute komeo la mlango na mpini wa kopo. Sahani, kikombe na kijiko chake viwe mbali na vya wengine. Mlangoni pa choo wekeni ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi cha dumu la lita tano lililotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia, na kipande cha sabuni kining'inie ndani ya wavu ili kisiteleze topeni. Sabuni wapangaji mchange. Ni gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa mgonjwa hata kama anasikia baridi. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa (kaboni monoksidi) haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Halafu waambieni wapangaji wenzenu siku hiyohiyo, hata kabla ya majibu ya kipimo. Wakijua watasaidia kuteka maji. Wakija kusikia kisimani, watakasirika.

Swali: Nitajuaje kwamba sasa si wa nyumbani tena, ni wa hospitali?

Jibu: Akihema kwa shida hata akiwa amekaa, akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, kifua kikibana na kuuma mfululizo, midomo ikigeuka rangi ya bluu au kijivu, akianza kuchanganyikiwa au kuwa mgumu kuamka, mtoeni. Msisubiri asubuhi. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kitampa huduma ya kwanza na rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ipo kwa wanaohitaji zaidi, kama oksijeni.

Kabla ya kutoka pigeni 199, namba ya Wizara ya Afya isiyotozwa, muulize mnapaswa kumpeleka wapi na vipi. Ukiwa ni ugonjwa kama Marburg, hilo si la hiari: mgonjwa huyo hapandishwi bodaboda wala daladala, hufuatwa na timu yenye vazi la kinga.

Swali: Mtoto ana homa. Huku kwetu homa ni malaria. Nimpe dawa ya malaria nisubiri?

Jibu: Hapana, mama. Ukanda wetu una malaria mwaka mzima, na wakati wa mlipuko malaria haiendi likizo. Ndiyo maana homa ipimwe. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi, na hupatikana zahanati. Nimesikia wazazi wakisema hawaendi kwa kuogopa kuambukizwa foleni. Hofu hiyo ina msingi, lakini mtoto mdogo mwenye malaria kali anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Vaa barakoa, kaa nje kwenye benchi, mwambie muuguzi ukifika kwamba mtoto ana homa na kikohozi ili asikuweke katikati ya watu.

Mkimbize mara moja akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa. Unaweza pia kumhesabia pumzi akiwa ametulia, dakika nzima: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari, wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi.

Akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mtu mzima, tumelelewa na nyungu. Kujifukiza kuna ubaya gani?

Jibu: Shikamoo hiyo umenipa bure, mzee wangu, shikamoo wewe. Mvuke humfanya mtu ajisikie pua imefunguka, na tangawizi, ndimu na asali huliwaza koo. Hakuna anayekukataza chai ya tangawizi. Ila mvuke hauui kirusi kilichoko ndani ya mwili, na hautibu nimonia. Ubaya wake mkubwa ni sufuria la maji ya moto chini ya blanketi pamoja na mtoto: anaungua usoni na kifuani, na kovu hilo ni la maisha. Kwa hiyo mtoto asifukizwe kabisa. Na nyungu isiwe sababu ya kungoja siku tatu wakati mgonjwa anahema kwa taabu.

Chanjo ndiyo kinga iliyothibitishwa. Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021. Kwa maradhi mapya, ulizeni zahanati kama ipo chanjo na inaanza kwa nani. Mara nyingi wazee na wahudumu wa afya ndio hutangulizwa.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama ntilie, nauza chakula Mgandini. Watu wakiacha kutoka, mimi na wanangu hatuli. Nani atatusaidia?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Hili nitalijibu kwa kirefu, maana ndilo linalowafanya watu watoke na homa kwenda kuuza.

Mlango wa kwanza ni mwenyekiti wa mtaa. Yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi ina yatima, ipi ina mzee peke yake, na msaada wowote unaoletwa mtaani hupitia orodha yake. Nenda mapema, au mtume mtu, au mpigie simu. Taja idadi ya watu nyumbani, watoto walio chini ya miaka mitano, na mwenye maradhi ya kudumu. Usione haya. Orodha haiwezi kuwa na jina ambalo halikutajwa.

Wa pili ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyu huhusika na familia iliyokwama kabisa, mtoto aliyebaki bila mlezi, mzee aliyetelekezwa, na mgonjwa asiye na uwezo wa kulipia matibabu. Barua ya mtendaji wa mtaa husaidia ufikapo kwake. Na kumbuka kwamba kwa sera ya nchi, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Ukitozwa, uliza kwa upole ofisi ya ustawi iliyo hapohapo hospitalini.

TASAF je? Mpango wa kunusuru kaya maskini husaidia kaya zilizokwisha kuandikishwa, na uandikishaji hufanyika kwa vipindi kupitia mkutano wa mtaa. Kama umo, pokea ruzuku yako. Kama humo, usitegemee kuingizwa wiki mgonjwa anapolala. Vivyo hivyo mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: ni mizuri kufufua biashara baada ya janga, lakini haipiki chungu cha kesho.

Chungu cha kesho hupikwa na kikoba. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kando ya hisa, fedha ya ugonjwa na msiba. Kaeni sasa, kabla ya maradhi, mwandike kwenye katiba yenu: mwanachama aliyetengwa atapewa kiasi gani, rejesho lake litasimama wiki ngapi, na nani atampelekea. Penye maandishi hapana ugomvi. Misikiti na makanisa nayo yana zaka na sadaka. Mwambie imamu au mchungaji, au mtume jirani akusemee.

Kuhusu kula, mwenye homa hahitaji soda wala juisi ya boksi. Uji, maharage, dagaa, mchicha, machungwa ya Muheza yakiwa msimu wake, bada (ugali wa muhogo) kwa mchuzi wa samaki kama anaweza kumeza. Na maji, kidogo kidogo, kutwa.

Swali: Mama yangu ana presha na kisukari. Tumemzuia asiende kliniki. Tumefanya vyema?

Jibu: Mmemkinga na hatari moja mkamweka kwenye nyingine. Dawa za presha na sukari hazikatizwi. Mwulizeni mhudumu kama anaweza kupewa za miezi kadhaa, na kama ndugu mwenye kadi yake anaweza kumchukulia. Hali ni hiyohiyo kwa wanaotumia ARV na dawa za kifua kikuu.

Chanjo za watoto zisirukwe: wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua miezi 9 na miezi 18. Surua huwa haichelewi kuingia penye watoto wasiochanjwa. Mjamzito aendelee na kliniki, na uchungu au damu ikitokea ghafla, piga 115, namba ya M-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Swali: Ninanyonyesha na nina UVIKO-19. Nimwachishe?

Jibu: Usimwachishe. Nawa mikono, vaa barakoa, nyonyesha. Kwa mpox au Marburg ushauri ni tofauti, muulize mhudumu kwanza.

Swali: Tangu tukae ndani, baba watoto amekuwa mkali, anapiga. Na binti yangu amekuwa hasemi.

Jibu: Pole sana. Amri ya kukaa nyumbani haikulazimishi kukaa na anayekupiga. Kutoka kuokoa maisha kunaruhusiwa wakati wowote. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na dharura ni 112. Kwa mtoto piga 116, bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Binti anapobadilika ghafla na kunyamaza, mkae faraghani, umsikilize bila kumkaripia, na usimwache na mtu anayemwogopa. Kama ameingiliwa, afikishwe hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU zifanye kazi. Asioge wala kubadili nguo kwanza.

Swali: Tukifiwa, tutazikaje?

Jibu: Kwa UVIKO-19, hatari kubwa iko kwa walio hai waliobanana chumbani wakilia, kuliko kwenye maiti. Waoshaji wawe wachache, wavae glavu na barakoa, dua isomwe nje, na hitma kubwa isogezwe mbele. Rambirambi itumwe kwa simu. Kwa Marburg au Ebola, maiti huambukiza vikali: msioshe, msiguse, msibusu. Pigeni 199, na mwombeni imamu au mchungaji awepo ili marehemu asitiriwe kwa heshima inayowezekana.

Swali: Mume wangu amepata nafuu. Lini arudi Deep Sea kwenye samaki?

Jibu: Inategemea amepona nini. UVIKO-19, wengi huhesabu siku 10 tangu dalili zilipoanza, na homa iwe imekwisha. Mpox, hadi magamba yote yaanguke na ngozi mpya ifunike, jambo linaloweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Kipindupindu, hadi kuharisha kukome na mhudumu amruhusu, hasa kwa anayeshika chakula cha watu. Uchovu unaweza kubaki wiki nyingi baada ya hapo, kwa hiyo aanze na kazi nyepesi, na kubeba matenga kusubiri. Mashuka yake yafueni kwa maji ya moto na sabuni, godoro litoeni juani.