Je, wajua? Kwa nini benki kuu hutangaza nani alipinga

Agosti 2025, wajumbe 9 wa kamati ya sera ya fedha ya Benki Kuu ya Uingereza walipiga kura wakakwama. Wanne walitaka riba ishuke kwa asilimia 0.25, wanne walitaka ibaki palepale, na mmoja akaona 0.25 haitoshi, akadai 0.5. Kura ikarudiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kamati hiyo ianze mwaka 1997. Mara ya pili watano wakawashinda wanne, riba ikashuka hadi asilimia 4. Umma ulijua yote hayo siku ileile, pamoja na majina.

Kwa nini benki ijianike hivyo? Jibu la kawaida ni uwajibikaji: hawa watu hawakupigiwa kura na mwananchi, ilhali uamuzi wao unagusa mkopo wa kila mmoja. Sawa. Ila naona kuna faida kubwa zaidi. Matokeo ya tano kwa nne husema kitu ambacho riba yenyewe haisemi: kwamba wataalamu wanaosoma takwimu zilezile hawakubaliani, na mmoja tu akigeuka kikao kijacho, mwelekeo wote unageuka. Hata gavana hushindwa kwa kura. Mervyn King, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, alibaki upande wa wachache mwaka 2005, na tena 2007, na Uingereza haikuzama.

Kuanika kura, hata hivyo, si sawa na kuanika maneno. Mwaka 1993, Bunge la Marekani lilibaini kuwa mazungumzo ya kamati ya riba ya benki kuu ya nchi hiyo yalikuwa yamehifadhiwa neno kwa neno tangu miaka ya 1970. Wajumbe wengi walidhani kanda hufutwa kila kumbukumbu za kikao zikishaandikwa! Tangu hapo nakala kamili hutolewa baada ya miaka 5. Watafiti waliolinganisha vikao vya kabla na baada walikuta mambo mawili yanayovutana. Wajumbe wapya walikuja wamejiandaa vizuri zaidi, takwimu mkononi. Lakini mjadala ulipofunguliwa, walipunguza ubishi na kuelekea kufuata wenzao. Nani atataka kuropoka wazo bichi akijua litasomwa na dunia nzima?

Benki Kuu ya Ulaya imechagua njia nyingine kabisa: haitangazi nani alipiga kura gani. Baraza lake lina magavana wa benki kuu za nchi zinazotumia yuro, na hofu ni kwamba kura zikijulikana, kila mmoja atabanwa nyumbani kwao aeleze kwa nini hakuitetea nchi yake, ilhali kazi yake ni kuangalia eneo zima la yuro. Kwa hiyo baada ya kikao, waandishi wa habari hubaki kumuuliza rais wa benki: mlikubaliana wote, au wapo waliopinga?