Ratiba ya kusoma mtandaoni ianze na simu, sio na masomo

Mwanafunzi wa sekondari ukimuuliza ratiba yako ya kusoma nyumbani ikoje, anakuonyesha karatasi safi imepigwa mistari kwa rula, saa mbili asubuhi Hesabu, saa tatu Fizikia, saa nne chai, yaani ni ratiba ya shule imehamia sebuleni. Mimi huwa nauliza kitu kimoja tu, simu unayosomea ni ya nani? Ya baba. Baba anarudi saa ngapi? Saa moja jioni. Sasa hiyo Fizikia ya saa tatu asubuhi unaisomea wapi mwanangu? Kimya.

Nipo kitengo cha ushauri kwa wanafunzi na hili tulijifunza kwa shida mwaka 2020. Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza 17 Machi kwamba shule zinafungwa kwa sababu ya korona, mwanzoni tukaambiwa siku 30, kidato cha sita wakaja kurudi 1 Juni na wengine 29 Juni, Ramadhani nayo ikaingia humo humo katikati. Walimu wakafungua magrupu ya WhatsApp, kukawa na vipindi redioni na kwenye TV, kazi zikamiminika, na watoto wakaanza kulalamika hawana muda wakati wanashinda nyumbani kutwa. Na hawakuwa wanadanganya. Muda ulikuwepo kibao ila simu ilikuwa haipo, na saa ambayo simu ipo ndio hiyo hiyo mama anaita njoo uwashe jiko.

Kwa hiyo kabla hujapanga masomo gawa kazi zako mafungu mawili, zinazotaka simu na zisizotaka. Ukizihesabu kweli kweli zinazotaka simu ni chache, kudaunlodi notsi, kusikiliza voisi ya mwalimu, kupiga picha majibu na kutuma, basi. Simu ikiingia nyumbani saa moja jioni, anza na hizo hizo, shusha vya kesho vyote, maswali nakili kwenye daftari kwa mkono, afu rudisha simu kwa mwenyewe hata kama hajaidai. Kesho asubuhi unakaa na daftari lako kichwa kikiwa kimetulia, hakuna meseji inayolia wala status ya mtu, unafunika notsi na kujiuliza mwenyewe jana nilisoma nini. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, aliandika tangu 1885 jinsi tunavyosahau haraka tulichojifunza na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyosaidia, na kurudia hakuhitaji bando.

Bando sasa. Najua vifurushi vya usiku ni nafuu na ndio maana wengi mnakesha, lakini hapa kuna mtego. Mwili wa kijana unachelewa kutoa homoni ya usingizi kuliko wa mtoto mdogo, kwa hiyo saa tano usiku unajiona upo fresh kabisa, unasema ngoja nimalize na hii, kuja kushtuka saa nane na ulichokuwa unaangalia sio Biolojia tena. Wataalamu wa usingizi wanashauri kulala kwa muda wa masaa 8 mpaka 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Kama lazima utumie bando la usiku, anzisha kudaunlodi afu lala, video itashuka yenyewe haihitaji umati wa kuishangilia.

Mtandaoni mtakutana pia na Pomodoro, ya Muitaliano Francesco Cirillo, dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, jina limetokana na saa yake ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ni nzuri kwa mtu ambaye kuanza tu ni shughuli. Ila sio msahafu, swali refu la Hesabu ukilikata kwenye dakika ya 25 unarudi umesahau ulifikia wapi, hapo endelea tu mpaka liishe. Na hizo dakika 5 usiende TikTok, nenda kachote maji.

Wasichana mna mzigo wenu mwingine, kupika, kuosha vyombo, mdogo wenu mgongoni, na ratiba isiyoweka hizo kazi inakufa siku ya pili. Ziandike kabisa, tena mwonyeshe mama au shangazi hiyo karatasi mkubaliane dakika tisini ambazo hutumwi dukani. Wazazi wengi wanakubali, shida huwa hawaombwi. Jumamosi usiipangie somo lolote jipya, iache ya viporo, maana viporo vitakuwepo tu.

Na nyie walimu wenzangu, asaimenti ukiituma saa tatu asubuhi afu mwisho wa kukusanya saa sita mchana siku hiyo hiyo, yule wa simu ya baba ameshapata sifuri kabla hajaliona swali. Wape siku mbili.