Gradius tuliyokulia nayo Unguja ilikuwa na mwendo wake

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja kwangu Mlandege na PS4 yake. Akaiunga kwenye tivi ninayojaribia mashine ninazoletewa kutengeneza, akafungua Gradius, gemu la chombo cha angani kinachopiga adui na kukwepa risasi. Ilikuwa ile ya mashine ya sarafu, iliyomo kwenye mkusanyo wa kampuni ya Konami wa mwaka 2019. Alipochoka akaniomba mashine yangu ya kaseti, maana tangu yuko skuli ananisikia nikiisifu Gradius ya utoto wetu. Hazikupita dakika mbili akaweka pedi chini.

"Mjomba, hii yako mbona inakwenda kama imetoka kula?"

Nilitaka kumwambia kwamba ya sarafu na ya kaseti ni vitu viwili, asilinganishe. Lakini neno lake lilinikaa. Usiku nikatoa Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ya Japani yenyewe, niliyoipata kwenye mzigo wa mitumba, nikatia kaseti ya Gradius ndani yake, nikaiweka pembeni ya ile mashine ya kuiga tuliyoizoea sote. Nikashika simu, nikapima kipande kimoja kwa zote mbili. Famicom ikatumia dakika 1. Ya kwetu ikatumia sekunde 72. Nikarudia mara tatu, jibu likawa hilo hilo.

Sababu yake iko kwenye tivi. Gradius ya kaseti iliandikwa Japani, ambako tivi zilichora picha 60 kwa sekunde. Programu yake haiangalii saa. Kila picha moja inapochorwa, chombo kinasogea nukta kadhaa, adui anasogea nukta kadhaa, muziki unapiga hatua moja. Huku kwetu TVZ, televisheni ya Zanzibar, ilirusha rangi tangu miaka ya 1970 kwa mfumo wa PAL, nao ulichora picha 50 kwa sekunde. Kwa hiyo mashine za bei nafuu zilizotufikia, zile za kuiga Famicom, ziliundwa zitoe picha 50 ili tivi zetu zizipokee. Kila sekunde gemu linakosa hatua 10. Hapo ndipo zilipotoka zile sekunde 12 zilizozidi.

Kilichotuficha jambo hili miaka yote ni muziki. Mashine hizi za kuiga zinaendesha prosesa yao karibu sawa na kasi ya Japani, kwa hiyo sauti haishuki. Mapigo tu ndiyo yanayochelewa. Ingekuwa nzito kama kaseti ya taarab kwenye redio iliyoishiwa betri, hata mtoto wa miaka saba angejua kuna kitu. Lakini ilikuja safi, yenye raha yake, na sisi tukaamini ndivyo ilivyotungwa.

Ndiyo maana siku hizi mtu akianza kubishana nami Gradius ipi bora, swali langu la kwanza ni: uliichezea kwenye mashine ya picha ngapi? Wengi wetu tunaisema Famicom, kumbe tulichokijua ni kitu cha tatu, si cha sarafu wala cha Japani.

Turudi kwenye ile ya asili. Konami waliitoa mwaka 1985, na nje ya Japani ikaitwa Nemesis. Gemu la mwanzo lilihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya viputo vya sumaku, teknolojia iliyotaka ipate joto kwanza ndipo isomeke. Mashine ikiwashwa, mchezaji alisubiri huku inahesabu na kupiga wimbo mmoja mtulivu, unaojulikana mpaka leo kwa jina la Morning Music. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya 68000, nayo ilibeba vitu vingi kwa pamoja: chombo cha Vic Viper, mionzi mirefu ya leza, na yale mapande manne ya rangi ya chungwa yanayokufuata nyuma na kupiga kila unapopiga. Kwa Kiingereza yanaitwa Option. Sisi mtaani tuliyaita viini, kwa sababu yanafanana na viini vya yai, na hapa nitayaita hivyo hivyo.

Mwaka 1986 wakalileta gemu hilo kwenye Famicom, na kazi hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Kaseti nzima ina KB 64: nusu ya programu, nusu ya picha. Famicom inaweza kuonesha vipande 64 tu vinavyotembea juu ya kioo, na katika mstari mmoja wa kulala havizidi 8. Kila kipande kina upana wa nukta 8, na kioo kina nukta 256. Piga hesabu: mwonzi unaovuka kioo kizima ungetaka vipande 32 kwenye mstari mmoja, mashine inakupa 8, na ndani ya hivyo 8 wamo chombo chako na adui. Ndiyo sababu leza ya Famicom imekuwa vijiti vifupi. Ndiyo sababu pia viini vimebaki viwili badala ya vinne.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho yako. Pata viini vyote viwili na leza, kisha ruka moja kwa moja bila kupanda wala kushuka. Viini vitajipanga nyuma yako kwenye mstari ule ule, leza tatu zitatoka mstari ule ule, na adui akiingia hapo utaona vitu vinameta na kupotea. Kioo hakijaharibika. Mashine imefika kikomo chake cha 8. Sasa panda kidogo, kisha shuka. Viini vinafuata njia uliyopita, kwa hiyo kila kimoja kitakaa urefu wake, na kumeta kutapungua. Vijana waliokuwa wakicheza vizuri pale Kikwajuni walifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Chombo chao hakikutulia hata nukta moja, na sisi wadogo tukidhani ni mbwembwe.

Mchezaji mwenye viini viwili hana nguvu ya yule mwenye vinne, na kaseti hii ilikuwa ngumu. Kazuhisa Hashimoto, aliyeifanyia kazi, aliiona inamshinda wakati wa kuijaribu, akajiwekea mlango wa siri wa kupata silaha. Mlango huo ukabaki ndani ya kaseti zilizouzwa. Simamisha gemu, kisha: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Sisi tuliuhifadhi kwa kuuimba. Hashimoto amefariki mwaka 2020, na sidhani kama kuna mtaa hapa mjini ambao wimbo huo haukufika.

Ile ya MSX, kompyuta ya nyumbani, ya mwaka huo huo ninaisema kwa ufupi, kwa sababu macho yangu hayaistahamili. MSX ya kwanza haikuwa na njia ya kusogeza kioo polepole kwa ulalo, kwa hiyo ulimwengu unakuja kwa kuruka, nukta 8 kwa mkupuo, na kwa gemu la kukwepa risasi hilo ni tatizo kubwa. Inastahili sifa kwa kuwa ilijaribu.

PC Engine, mashine ya gemu ya NEC, ndiyo iliyoleta utulivu. Toleo lake la mwaka 1991 lina viini vinne, leza ndefu, rangi zinazokaribia za sarafu, na limeongeza hatua ya jangwa ambayo asili haina. Nimeicheza kwa siku nyingi, na kwa mtu anayetaka kaseti ya zamani iliyo karibu na asili, hii ndiyo ninayomwelekeza. Kuhusu hatua ya jangwa nina neno: ni nzuri kwa macho, lakini inavunja mpangilio. Gradius inakwenda kwa kukubadilishia tabu kila hatua, mara milima inayotema mawe, mara masanamu ya vichwa yanayotema pete, na kuchomeka kitu kipya katikati kunaharibu pumzi yake.

Mikusanyo ya siku hizi, ikiwemo ile ya 2019, inaendesha programu ya sarafu yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha isipokuwa tivi yako. Tivi bapa nyingi zinaichezea picha kabla ya kuionesha, na kidole kinachelewa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta hali ya gemu, iwashe. Tofauti utaihisi mkononi kabla ya kuiona.

Kama unataka kupima mwenyewe kama nilivyofanya, tahadhari mbili. Ya kwanza, Famicom ya Japani usiichomeke moja kwa moja ukutani: adapta yake ni ya volti 100, na umeme wetu ni 230. Nimeshaletewa zaidi ya moja ikiwa imeungua. Ya pili, acha kupuliza kaseti. Hapa kisiwani hewa yenyewe ina chumvi, ukiongeza na unyevu wa mdomo, meno ya shaba yanapata kutu ya kijani. Chukua raba ya kufutia penseli, sugua meno taratibu, kisha pitisha pamba yenye spiriti na uiache ikauke.

Mtoto wa dada yangu amerudi juzi. Nimemkabidhi Famicom ya picha 60, mimi nikachukua ya 50, tukaanza pamoja. Yeye akafa hatua ya pili. Mimi nikapita hatua ya tatu bila kugusa pete hata moja. Kisha tukabadilishana, na kwenye ile ya Japani masanamu yakaniua mara nne mfululizo, kila mara pete ikinifikia kabla ya kidole changu. Amesema atarudi Ijumaa, na mimi kila usiku nikishafunga duka najifunza upya hatua ya tatu kwa picha 60.